MKIWA NA MKARAFUU: KWA NINI SERIKALI IWAGHARIMIE WANAFUNZI WA VYUO



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za bei, za miche, za wachumaji na za kuanika. Safari hii tunaomba ruhusa tuzungumze habari za mmea mwengine, ambao nao hukaa miaka mingi kabla ya kuzaa, na ambao ukikosa maji katika mwaka mmoja tu hufa, ijapokuwa umeshapaliliwa miaka kumi na mitatu. Mmea huo ni mtoto aliyefaulu kuingia chuo kikuu.

Maoni yetu tunayasema mapema, ili msomaji asipate taabu ya kubahatisha. Serikali zetu mbili, ya Jamhuri ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar, zina wajibu wa kutenga fedha za kutosha kila mwaka ili mtoto aliyefaulu asirudi nyumbani kwa sababu ya umasikini wa mzazi wake. Tena fedha hizo zitolewe kwa utaratibu unaomfaa mtoto wa mkulima, si mtoto wa mwenye mshahara peke yake.

Mkiwa ni wapi?

Huenda mwanachama wa Wete au wa Mkoani akauliza: Mkiwa ni wapi, na inatuhusu nini sisi wa visiwani? Mkiwa iko Bara, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida. Hapo ndipo inapochepuka barabara iendayo Itigi. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua. Watu wa huko hulima mtama, uwele na alizeti, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Karafuu hawanazo, wala bahari hawaioni.

Jina la Mkiwa ni jina la mahali tu. Lakini sisi tukilisikia neno hilo hutujia maana yake katika lugha yetu: mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumshika mkono. Na tukiitazama hali ya kijana wa kijiji kama kile anayepata barua ya kuchaguliwa chuo kikuu, tunaona kwamba maana hiyo haiko mbali.

Tuchukue mfano tu, wala si habari ya mtu fulani. Mzazi wa huko huvuna alizeti yake mara moja kwa mwaka, baada ya mvua kumalizika. Akiuza, fedha ile hulipa madeni, hununua nguo, hutengeneza paa na hulisha nyumba. Vyuo hufunguliwa mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati ambapo fedha ya mavuno imekwisha na jembe linatafutwa kwa msimu mpya. Ada ya shahada katika vyuo vya Serikali aghalabu ni kiasi cha shilingi milioni moja au zaidi kwa mwaka, mbali na chakula, chumba, vitabu na nauli. Mtu wa mshahara anaweza kuzigawa fedha hizo kwa miezi kumi na miwili. Mtu wa alizeti hana miezi kumi na miwili. Ana mwezi mmoja tu.

Je, ndugu zangu, si hali yetu hiyo hiyo? Msimu wetu mkubwa huanza mwezi wa Julai. Mwaka mmoja mikarafuu huzaa hadi matawi yakainama, na mwaka wa pili ukazunguka konde zima usijaze pakacha. Mkulima wa karafuu akiulizwa na ofisi, "Pato lako kwa mwezi ni kiasi gani?" hana jawabu la kweli. Basi mtu wa Mkiwa na mtu wa Pemba, ijapokuwa hawajaonana, ni watu wa mashaka mamoja.

Sisi tulivyosaidiwa

Mkarafuu hukaa miaka sita au minane kabla ya kutoa mavuno ya kwanza ya maana, na hukaa zaidi kabla ya kufikia ukamilifu wake. Baada ya hapo huweza kumlisha mwenyewe, mwanawe na mjukuu wake. Kwa sababu hiyo tangu zamani imefahamika kwamba mkulima peke yake hawezi kuubeba mzigo wote wa miaka ya kungoja.

Chama cha Wakulima wa Karafuu cha Zanzibar kilipoundwa mwaka wa 1927, jambo moja lililokitia nguvu lilikuwa ni madeni. Wenye mashamba walikuwa wamezama katika mikono ya wakopeshaji, na mavuno yaliuzwa kabla hayajachumwa. Ilionekana lazima kuwe na mlango mwengine wa kukopa fedha za kuchumia. Baadaye, likaja Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC, ambalo nalo limekuwa likiwakopesha wakulima kabla ya mavuno. Tena Serikali imekuwa ikigawa miche ya mikarafuu kwa wakulima bila ya malipo.

Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba kumpa mkulima mche ni kumdekeza. Kila mtu anafahamu kwamba mche ule ukikua, karafuu zake zitauzwa nje, nchi itapata fedha za kigeni, mchumaji atapata ujira, mwenye gari atapata nauli, na Hazina itapata fungu lake. Basi hesabu hiyo hiyo ifanyeni kwa mwanafunzi. Daktari mmoja, mwalimu mmoja wa hisabati, bwana shamba mmoja aliyesoma sawasawa, huzaa matunda kwa miaka thelathini na zaidi, na wanaokula matunda hayo si watu wa nyumba yake peke yao.

Wazee wanakumbuka maradhi ya mikarafuu yaliyoitwa kufa ghafla, mti mzima ukakauka majani kwa muda mfupi kama uliopitiwa na moto. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu wa kuyachunguza maradhi hayo walitoka Uingereza, kwa kuwa visiwa vilikuwa havijasomesha wataalamu wao wenyewe wa kazi hiyo. Tunawashukuru kwa kazi yao. Lakini nchi inayongoja mgeni aje kuutibu mti wake mkuu ni nchi ambayo haijamaliza kazi ya kusomesha.

Tulikotoka

Yafaa tukumbuke jinsi elimu ya juu ilivyokuwa ikilipiwa. Kabla ya uhuru, vijana wa Afrika ya Mashariki walikuwa na Makerere, iliyoanza mwaka wa 1922 kama skuli ya ufundi, na nafasi zake zilikuwa chache. Mwezi wa Septemba, 1959, Bwana Tom Mboya wa Kenya aliwapeleka Marekani vijana 81 kwa ndege moja, kwa msaada wa marafiki wa huko. Nyumbani jamaa na vijiji vilikuwa vikichanga ili vijana wapate nauli na gharama nyingine. Lilikuwa jambo kubwa, na waliokwenda kwa safari zile wengi walikuja kushika kazi kubwa za nchi. Lakini mchango ni kama mvua ya rasharasha. Humfaa aliye chini yake, na wa konde la pili akabaki na vumbi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba, 1961, na kitivo cha sheria, wanafunzi wake wa mwanzo wakiwa hawafiki hata ishirini. Hapa Zanzibar, tarehe 23 Septemba, 1964, Rais Abeid Amani Karume alitangaza kwamba elimu itatolewa bila ya malipo. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanafunzi aliyechaguliwa kuingia Chuo Kikuu alilipiwa na Serikali masomo, chakula na malazi.

Lakini Serikali haikutoa bila ya kudai. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akiwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Mwezi wa Oktoba, 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza zaidi ya 300, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Mtu anaweza kuiona hukumu ile kuwa ni kali, lakini fundisho lake liko wazi: fedha ya umma iliyomsomesha mtu ni amana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na mzigo ukaanza kurudi kwa mzazi. Halafu ikatungwa Sheria Namba 9 ya mwaka wa 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi mwezi wa Julai, 2005. Zanzibar nayo ikaunda Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka wa 2011. Kwa hivyo leo msaada wa Serikali kwa sehemu kubwa ni mkopo: mwanafunzi hupewa, husoma, hufanya kazi, hurudisha, na kilichorudishwa humsaidia mwengine.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu la mikopo la Bodi ya Muungano lilipandishwa kutoka shilingi bilioni 464 hadi bilioni 570, na limeongezwa tena baada ya hapo. Mwaka wa 2022/23 ulianzishwa ufadhili unaojulikana kwa jina la Rais Samia kwa vijana waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi. Mwaka wa 2023/24 mikopo ilianza kutolewa pia kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe huiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku na ikapandishwa kuwa 10,000. Mwenye macho haambiwi tazama. Haya ni mema, na waliohusika wanastahili shukrani.

Pale panapokwama

Hata hivyo, chombo kizuri chaweza kukwama bandarini. Sisi tunaona pana mahali pane panapokwama.

Kwanza ni mlangoni. Maombi hufanywa kwa mtandao wa intaneti, na ada yake ni shilingi 30,000. Panatakiwa cheti cha kuzaliwa, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi, vyote vihakikiwe na RITA kwa Bara, na kwa hapa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Panatakiwa saini ya viongozi wa kijiji au shehia, saini ya mdhamini, na muhuri wa wakili au hakimu. Kila moja ya haya lina sababu yake, maana waongo wapo. Lakini tazama linavyomwendea yatima wa kijijini. Mzazi alizikwa siku ile ile, na hakuna aliyefikiria karatasi. Miaka kumi baadaye mtoto anatakiwa athibitishe kwa karatasi kwamba baba yake amekufa, hali kijiji kizima kilimzika. Asipoipata, yatima wa kweli huhesabiwa kama mtoto mwenye wazazi wawili. Hapo ndipo neno mkiwa linapopata maana yake kamili.

Pili ni katika kipimo. Bodi hupima uwezo wa mzazi, na kwa kipimo hicho mmoja hupewa mkopo mkubwa, mwengine mdogo, na mwengine hakosi kukosa kabisa. Kupima ni haki, kwani si haki tajiri na fukara wapewe sawa. Lakini mwaka wa neema wa mkulima usichukuliwe kuwa ndio hali yake ya siku zote. Aliyeuza gunia ishirini mwaka jana huenda mwaka huu asiuze hata tatu, na shahada ni ya miaka mitatu, minne au mitano.

Tatu ni wakati. Bumu la siku 60 ni shilingi 600,000. Kwa mtoto wa mwenye duka, likichelewa wiki tatu ni usumbufu tu. Hupigia simu nyumbani. Kwa mtoto wa Mkiwa wiki tatu ni njaa, ni deni kwa mama ntilie, na kwa mtoto wa kike ni hatari ambayo kila mzazi anaifahamu bila ya kuelezwa. Mche hauambiwi ungoje maji mpaka mwezi ujao.

Nne ni katika kulipa. Sheria ilirekebishwa mwaka wa 2016, na makato ya aliyeajiriwa yakapandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000, aliyekuwa akikatwa 56,000, sasa hukatwa 105,000. Rais Samia Suluhu Hassan, siku ya Mei Mosi, 2021, alitangaza kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka. Na wengi walipumua. Lakini aliyejiajiri alipangiwa kulipa asilimia 10 ya pato lake, isiyopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Ndugu wanachama, fanyeni hesabu kwa mizani yetu. Kwa mwaka ni shilingi 1,200,000. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo ZSTC ililipa kwa miaka kadhaa kwa karafuu za daraja la kwanza, ni kiasi cha kilo 86 za karafuu kavu, kabla hujamlipa mchumaji hata senti moja. Tena hudaiwa kila mwezi, hali mti hauzai kila mwezi. Kijana aliyesoma kilimo, akaamua kurudi kulima badala ya kungoja kazi ya mezani, ndiye tunayemtaka; na huyo ndiye mzigo unaomwelemea zaidi.

Wasemao hapana

Wako wanaosema kwamba Serikali ianze na skuli za msingi na hospitali, vyuo vingoje. Hoja hii ina uzito, lakini walimu wa skuli za sekondari na madaktari wa hospitali hizo hutoka wapi, ila katika vyuo? Elimu bila ya ada ilifikishwa kidato cha nne huko Bara mwaka wa 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka wa 2022. Ngazi ya watu wanaopanda imepanuliwa. Haifai kumpandisha mtoto mpaka darini, kisha pale juu akakuta mlango una kufuli.

Wengine husema kwamba wahitimu wenyewe hawana kazi, basi kuwakopesha ni kumwaga maji mchangani. Jawabu letu ni kwamba ukosefu wa kazi utatuliwe kwa kutengeneza kazi na kwa kusomesha fani zinazohitajika. Mwaka bei ya karafuu inapoanguka hatung'oi mikarafuu. Tungefanya hivyo, bei ikipanda tungekuwa na mashimo matupu.

Wako pia wanaosema: kwa nini jasho la mkulima wa karafuu limsomeshe mtoto wa mwengine? Hawa tunawauliza: daktari wa Chake Chake amesomeshwa na jasho la nani? Hakuna kisiwa wala mkoa uliojisomeshea wataalamu wake wote peke yake. Mtoto wa Mkiwa akisomeshwa udaktari huenda akapangiwa kazi Pemba, na mtoto wa Pemba akisomeshwa uhandisi huenda akajenga barabara ya Itigi.

Tunayoyataka

Kwa hivyo tunaziomba Serikali zetu na Bodi zote mbili mambo haya:

1. Fungu la mikopo liongezwe kila mwaka kwa kadiri ya idadi ya vijana wanaofaulu na kwa kadiri ya bei ya vitu, lisingoje kelele.

2. Yatima na mtoto wa fukara asiyekuwa na karatasi asaidiwe kuzipata bila ya malipo, na ushahidi wa sheha au wa Serikali ya kijiji ukubaliwe kwa muda wakati cheti kinashughulikiwa.

3. Pato la mkulima lipimwe kwa wastani wa miaka kadhaa, si kwa msimu mmoja.

4. Bumu lifike kabla ya vyuo kufunguliwa.

5. Makato ya mwenye mshahara mdogo yapunguzwe, na mkulima aliyesoma aruhusiwe kulipa deni lake wakati wa mavuno, mara moja au mbili kwa mwaka.

6. Fani ambazo nchi inazihitaji mno, kama vile udaktari, ualimu wa sayansi na kilimo, zipewe ruzuku isiyorudishwa kwa yule atakayekubali kufanya kazi miaka kadhaa vijijini.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Mwenye mtoto amwandikishe siku anapozaliwa, na penye msiba cheti kichukuliwe mapema, wala si dhambi kufikiria karatasi baada ya kuzika. Aliyesomeshwa kwa mkopo na sasa ana kazi alipe, maana kila shilingi anayoificha ameitoa mkononi mwa mtoto mwengine. Katika mwaka wa mavuno mema, kila tawi la Chama chetu laweza kutenga kidogo kwa ajili ya nauli na ada ya maombi ya watoto wa wanachama wasiojiweza. Haba na haba hujaza kibaba. Tena Mwakilishi na Mbunge wanapokuja barzani kwetu, tusiwaulize habari za bei tu. Tuwaulize fungu la mikopo limekuwa kiasi gani mwaka huu, na watoto wangapi wa jimbo hili wamelikosa.

Mkulima wa karafuu hahitaji kufundishwa subira. Babu alipanda miti ambayo yeye mwenyewe hakuichuma, na sisi tunaichuma. Tunaloliomba ni kwamba Serikali iwe na subira hiyo hiyo kwa watoto wa Mkiwa, wa Micheweni na wa kila mahali: itoe sasa, imwagilie kwa wakati wake, ipalilie, na ingoje. Mavuno yake yatakuwa ya nchi nzima.